Neno Nililolifunika kwa Gundi ya Muhogo

Kitabu chenyewe ninacho hapa mezani, na kila nikikifungua pua inakunjamana. Kinanuka uchachu, kama sufuria ya uji iliyosahauliwa nje siku tatu. Mende wamekula pembe zake. Katikati, kwenye mshono, wametaga mayai yao ya kahawia, na nimeyaacha palepale kwa sababu nikiyakwangua yanabanduka pamoja na picha ya mama anayepika pilau. Ni kitabu cha watoto wanaoanza kusoma: kurasa kumi na sita, sentensi moja au mbili kila ukurasa, familia ya Kiislamu inasherehekea Idi. Hakuna jambo baya ndani yake isipokuwa yale niliyoyatia mimi.

Naandika kwa sababu watu wa hapa Didia wanalisimulia jambo hili vibaya. Wengine wanasema nilichoma kitabu cha dini. Sikukichoma. Ningekichoma ingekuwa afadhali, maana moto ni hasira, na hasira watu huielewa. Mimi nilifanya kwa utulivu, kwa mkasi na rula, mchana kweupe.

Mjukuu wangu aliletwa kwetu akiwa na miaka minne. Mama yake ni binti yangu wa mwisho, anaishi Bugarama na mume wake, Mwislamu aliyetoka Kigoma kuwafuata wachimbaji. Anauza mabuti, kamba na tochi za kufunga kichwani. Wakati ule walikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka, vumbi la makarasha ya kusagia mawe likiingia hadi ndani ya chandarua, na binti yangu alikuwa amejifungua mapacha. Wakaniomba nikae na mkubwa mpaka mapacha wapate nguvu. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Mke wangu alidhani ni huruma. Ukweli ni kwamba niliona nimerudishiwa kitu changu.

Binti huyo alipoolewa, ng'ombe wa mkwe niliwapokea. Niliwapitia mmoja mmoja zizini, nikamkataa mmoja mwenye jicho bovu, akaletwa mwingine. Lakini binti aliposilimu nilisusa, nikakataa kwa muda mrefu hata kupokea simu zake, kana kwamba ng'ombe wale walikuwa wamebatizwa. Leo nikilikumbuka zizi lile, na mimi nikiwafunua ng'ombe midomo nihesabu meno, najiona kama nzi juu ya kidonda.

Tena si kwamba nilikuwa mgeni kwa Waislamu. Jirani yangu, ambaye uwanja wake na wangu umetenganishwa na ua wa minyaa, ni Mwislamu, na ndiye mchinjaji wetu. Hapa kwetu ukitaka sherehe yako iliwe na kila mtu, hushiki kisu mwenyewe. Unamwita Mwislamu achinje, halafu nyama inakuwa ya wote. Harusi zangu zote, misiba yangu, hata mbuzi wangu wa Krismasi, miaka yote huchinjwa na mkono wake. Anakuja asubuhi na kisu kimefungwa kwenye kitambaa, anamgeuza mbuzi kuelekea kibla, anataja jina la Mungu, kazi inaisha. Halafu anakaa tunakula naye. Na siku yake ya Idi huniletea sahani ya pilau imefunikwa kwa kawa, nami huila yote na kurudisha sahani ikiwa imeoshwa. Hayo nilikuwa nayajua. Nilifanya niliyoyafanya huku nikiyajua.

Mtoto alianza darasa la kwanza. Shule yetu ilikuwa imeletewa makasha ya vitabu vya kusoma, vidogo, vyenye picha za rangi: kimoja cha mavuno, kimoja cha ndama aliyepotea, kimoja cha Krismasi, kimoja cha Idi, na nakala kadhaa za kila kimoja. Likizo ya mwezi wa sita mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akampa kila mtoto kimoja cha kwenda nacho nyumbani, asomewe na wakubwa. Mjukuu wangu alipewa cha Idi. Nadhani mwalimu alichagua kwa makusudi mema, maana alimjua baba yake.

Mtoto alikuja mbio akikikumbatia kifuani.

"Guku," akasema, na guku ndiye babu kwa Kisukuma, "hiki ni cha kwetu."

Nikamuuliza, kwetu wapi. Akafungua, akaweka kidole juu ya picha ya mwanamume mwenye kanzu na kofia.

"Kwa baba."

Ndiyo hivyo tu. Mtoto wa miaka sita alisema kweli, nami nikaichukia. Nilikuwa nimemlisha miaka miwili, nimembeba mgongoni akiwa na homa, nimemfundisha kuamkia "mwangaluka" kama mtoto wa Kisukuma, na kumbe kwao ni kwenye duka la mabuti. Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, akaniletea kitabu nimsomee. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: Leo ni Idi.

Nikasoma: "Leo ni Krismasi."

Sikupanga. Lilitoka kama mate. Na kwa kuwa lilitoka bila shida, nikaendelea. Palipoandikwa kwamba mama anapika pilau nikasoma wali na kuku. Palipoandikwa baba amevaa kanzu nikasoma baba amevaa suti. Mtoto akaitazama picha.

"Mbona suti yake ndefu kama gauni?"

"Ni suti ya mchungaji," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka. Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele, akacheka pia bila kujua tunacheka nini, kwa sababu yeye hakusoma shule hata siku moja.

Hapa kijijini mimi ndiye mwenye kusoma. Nilimaliza kidato cha nne wakati waliomaliza walikuwa wachache, nikapata kazi ya karani wa stoo mgodini Mwadui, nikarudi na pensheni na mwandiko mzuri. Barua za watu nazisoma mimi, kadi za harusi naziandika mimi, mihtasari ya mikutano ya kijiji na ya kamati ya shule ni mwandiko wangu. Mtoto alikuwa amekua akiona watu wazima wanakuja na karatasi, wanakaa kwenye kigoda, wanangojea nifungue mdomo wajue wameandikiwa nini. Kwake yeye, karatasi ilisema kile guku alichosema. Nilikuwa na imani hiyo ya mtoto mkononi kama yai, nikaipasua kwa kuchezea.

Baada ya wiki mbili za kusomewa, akaanza kuzitambua herufi. Alikuwa mwepesi. Siku moja akaweka kidole chini ya neno lile la kwanza, akalivuta kwa sauti, i, di, halafu akanitazama.

"Guku, hapa pana i."

Nikamwambia asome vizuri, pale pameandikwa Krismasi. Akatazama tena, kidole kikarudi nyuma, kikaenda mbele. Akasema, "Krismasi." Na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba mkono wake una vidole sita, akahesabu akapata vitano, akaamua kuamini sita.

Pale ningeweza kuacha. Mtu mzima mwenye haya angeacha. Mimi nikaona hatari kwamba nitashikwa, nikatafuta dawa, na dawa niliijua. Stoo ya Mwadui kazi yangu kubwa ilikuwa lebo. Kasha likija na lebo ya zamani hatukuibandua. Tulikata karatasi ya kipimo chake, tukaandika jina jipya kwa wino mweusi, tukabandika juu. Bosi wangu alikuwa akisema hakuna karani anayefunika lebo kama mimi, huoni hata ukingo. Jumapili moja baada ya ibada, mke wangu na mtoto wakiwa wameteremka kisimani, nikakoroga gundi ya unga wa makopa, muhogo mkavu kama tunaoula, nikakata vipande vya karatasi nyeupe, nikaiga herufi zile za kitabuni mpaka zikafanana. Gundi ilipokauka haraka, vipande nilivilowesha kwa mate yangu. Naandika hili makusudi. Kitabu cha mtoto nilikipaka mate.

Krismasi ni neno refu, na Idi lina herufi tatu. Kwa hiyo kipande kilizidi, kikafunika na miguu ya mtoto aliyechorwa pembeni akiruka kwa furaha. Kwenye ukurasa wa kuchinja mbuzi nilifunika mstari wote, na nikiufunika nilimkumbuka jirani yangu na kisu chake kwenye kitambaa, nikabonyeza karatasi kwa kidole gumba mpaka ikashika. Ukurasa wa mwisho ulinichukua muda zaidi. Uliandikwa: Jirani yetu ni Mkristo. Tunampelekea sahani. Huo sikuubadilisha hata kwa maneno mengine. Niliubandika karatasi tupu.

Mke wangu alirudi akanikuta. Akauliza kitabu kimefanya nini. Nikamwambia kimechanika, nakitengeneza.

Mtoto aliona. "Huyu hana miguu," akasema. Nikamwambia amezama kwenye nyasi.

Na kwa kuwa uchafu haupendi kukaa peke yake, nikausimulia. Nilimwambia mzee mwenzangu wa kanisani, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje tukingoja kikao, kwamba kuna kitabu kimeingia kwangu na nimekitengeneza kidogo. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwenzetu," akasema, "umembatiza mtoto bila maji." Nikajiona hodari. Kicheko kile ndicho kinachonitapisha kuliko vyote, kwa sababu nilikirudia peke yangu njiani, nikitembea.

Shule zilipofunguliwa mtoto alirudi darasani, na huko kulikuwa na nakala nyingine za kitabu kilekile, safi. Mwalimu aliandika maneno ubaoni na kuwaita watoto mmoja mmoja. Mwezi wa tisa akanitumia ujumbe niende. Nikamkuta kwenye mlango wa darasa na chaki mkononi.

"Shikamoo mzee," akasema. Nikaitikia marahaba. Akaniambia mjukuu wangu anamtatiza. Hesabu anajua, kuandika anaandika, lakini kusoma anasoma maneno ambayo hayapo. Akimwonyesha neno Idi anasema Krismasi, na akimwambia atazame tena analia. Sasa imeenea hadi kwenye maneno mengine. Akimwonyesha "kuku" anauliza kwanza, mwalimu, hapa unataka niseme nini?

"Nadhani ni macho, mzee," akasema. "Mpeleke akapimwe."

Nilisimama pale na siri yangu mdomoni. Watoto walikuwa wakiimba silabi ndani. Nikasema, "Labda ni macho."

Nikampeleka. Tulipanda basi asubuhi hadi Shinyanga mjini, yeye amevaa gauni lake la kanisani, ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili kwa sababu aliogopa sindano. Hospitali walimkalisha kwenye kiti, wakamfunika jicho moja, na daktari, mtu wa makamo mwenye haraka, akanyoosha fimbo kwenye herufi za ukutani. Mtoto hakuitazama chati. Aligeuza shingo akanitazama mimi. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Daktari akamwambia atazame mbele. Akatazama, halafu akageuka tena. Mara ya tatu daktari akaniomba nitoke. Nilisimama nje, mlango ukiwa wazi kidogo, nikamsikia mjukuu wangu akisoma. Alisoma herufi zote, kutoka ile kubwa ya juu hadi zile za chini ambazo mimi siwezi kuziona hata nikivaa miwani. Hakukosa moja. Sauti yake ilikuwa kubwa na safi, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu mwezi wa sita.

Daktari akatoka. Akasema macho ya mtoto ni mazima kuliko yangu na yake. Akauliza nyumbani nani anamfundisha kusoma. Nikasema ni mimi.

"Basi mwache atazame karatasi, mzee," akasema. "Asitazame mdomo wako."

Nikamshukuru. Nje nilimnunulia soda na maandazi, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Alikunywa nusu, akafuta mdomo.

"Guku, daktari amesemaje?"

"Amesema utapona," nikamjibu.

Nimefanya makosa mengi katika umri wangu. Nimelewa, nimempiga mke wangu, nimewahi kutoa ushahidi wa uongo kuhusu mpaka wa shamba. Lakini sijawahi kusema neno chafu kama lile. Mtoto mzima niliyemfanya mgonjwa, nikamwahidi kupona, na yeye akafurahi, akaninyooshea chupa nimalizie soda.

Ilikuja kujulikana mwezi wa kumi na moja, siku ya wazazi. Watoto wa darasa la kwanza walitakiwa kusoma mbele yetu kila mmoja kwa kitabu chake cha nyumbani. Tulikaa kwenye madawati yao, magoti yakitugonga videvu. Jirani yangu mchinjaji alikaa mbele, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule na mimi ndiye katibu wake. Mjukuu wangu alipoitwa, akaenda na kitabu, akakifungua vizuri kama nilivyomfundisha, akasoma kwa sauti ndogo kwamba leo ni Krismasi. Nyuma yake ukutani mwalimu alikuwa amebandika jalada la nakala nyingine, lenye msikiti na mwezi mwandamo, na wenzake darasa zima walikuwa wamekisoma kile kitabu mara ishirini.

Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo kipofu." Mwingine akasema, "Anakariri." Wazazi nao wakacheka kidogo, ule ucheshi wa wakubwa mbele ya watoto. Yeye akaendelea. Akasoma baba amevaa suti. Kicheko kikawa kikubwa. Alitazama ukurasa, akautazama mdomo wangu kule nilikokaa, na mdomo wangu nilikuwa nimeufunga.

Jirani yangu hakucheka. Akanyoosha mkono, akamwomba mtoto kitabu kwa adabu, kama anayemwomba mtu mzima. Akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kipande. Mende mmoja akatoka kwenye mshono, akatembea juu ya kidole chake, naye akamkung'uta. Halafu akasoma kurasa zote polepole, hadi ile tupu ya mwisho. Mwandiko wangu anaujua. Miaka kumi ameweka sahihi chini yake kila mwezi.

Akamwambia mwalimu kwamba mtoto amesoma sawasawa, kila neno kama lilivyoandikwa, na watoto wampigie makofi. Wakapiga. Akaja akaweka kitabu mapajani pangu.

"Gundi yako imeshika vizuri, bwana," akasema, na akarudi kukaa.

Njia ya kwenda nyumbani mtoto alitangulia. Hakulia. Tulipofika uani nikamwita, nikajaribu kumweleza mbele ya bibi yake. Nilimwambia macho yake hayajawahi kuwa mabovu, herufi zilisema Idi, ni mimi niliyesema uongo. Alisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Niliona Idi," akasema. "Nikafikiri macho yangu yananidanganya."

Akaingia ndani. Mke wangu akabaki amesimama na kata mkononi.

"Mimi sijui kusoma," akasema, "lakini sijawahi kumdanganya mtoto kwa kitabu." Na jioni ile alinipakulia chakula akakiweka chini, hakunipa mkononi.

Nilimpigia simu binti yangu mwenyewe, nikamweleza yote, hata mate. Alikuja baada ya siku mbili, pacha mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Sikutegemea anitukane, na hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda cha wenye barua.

"Baba, mimi ulinifundisha kusoma kwa maandishi ya magunia ya mbolea," akasema. "Ulinishika kidole. Na mimi ulinisomea uongo?"

Nikamwambia hapana. Akanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa akipita kwenye magunia yale moja moja. Halafu akafunga nguo za mtoto kwenye kitenge, wakaondoka. Mjukuu wangu aliniaga kwa heshima, akasema nibaki salama, na kitabu akakiacha juu ya kiti.

Krismasi ilipofika nilikuwa na mbuzi, na nilikuwa na aibu ya kumwita mtu. Jirani yangu alikuja bila kuitwa, asubuhi kama miaka yote, kisu kwenye kitambaa. Akamgeuza mbuzi, akamtajia Mungu, akachinja, akaosha mikono kwenye beseni la mke wangu. Nikamkaribisha kiti. Akasema leo ameshiba. Ilikuwa bado saa mbili asubuhi. Nilikula nyama ile iliyo halali kwa watu wote, yeye hayupo.

Kutoka Bugarama habari zilikuwa mbaya. Binti yangu alisema mtoto ameanza shule ya kule, anaandika, anacheza, lakini kusoma kwa sauti hataki. Mwalimu mpya akimpa kitabu anakifunga na kukirudisha. Akilazimishwa anamwambia mwenzake asome kwanza, kisha anarudia. Mwalimu alikuwa ameanza kuuliza kama ana akili sawa. Darasa la pili bila kusoma, tena mtoto aliyesoma chati nzima ya daktari. Nikajua kwamba nisipokwenda, ugonjwa niliomzulia utakuwa wake kweli.

Nikakaa na kitabu nikijaribu kuvibandua vile vipande. Nilikipitisha kwenye mvuke wa birika, ukingo ukalegea, nikavuta. Karatasi ilitoka na herufi za chini yake. Palipokuwa na neno pakabaki shimo lenye manyoya meupe, limeganda ute wa kijivu. Muhogo ulikuwa umeshika kama alivyosema jirani. Nilitumia wiki nzima, na kazi yote ikawa mashimo.

Nilikwenda siku ya Idi. Mke wangu hakuja, alituma kuku wawili walio hai, wachinjwe kwao. Mkwe wangu alinipokea mlangoni pa duka akiwa na kanzu mpya, akaniamkia shikamoo baba, akachukua kuku na mkoba wangu, akanipa kiti chenye mto. Hakuuliza lolote. Ningependa angeuliza. Nyumba ilikuwa na wageni, wachimbaji vijana waliooga wakang'aa, Waislamu na Wakristo, wamekaa kwenye mkeka mmoja kuzunguka sinia. Nikala pilau. Lilikuwa pilau lilelile nililolifunika kwa maneno wali na kuku.

Wageni walipopungua nikamwomba binti yangu ruhusa. Akamwita mtoto. Alikuja amevaa gauni la Idi, mikono imepakwa hina, akasimama mbali hatua mbili. Alikuwa amerefuka. Zamani nilikuwa namwita mchumba, naye akinijibu kwamba mzee usiye na meno nani akutake. Siku ile sikuthubutu.

Nikamwonyesha kitabu. Akakunja pua.

"Kinanuka."

"Kinanuka," nikasema. "Ni mimi niliyekifanya kinuke."

Nikamwambia nimekuja kukisoma kama kilivyoandikwa, na yeye asiniamini, anikague. Akafikiri. Akamtazama mama yake, mama yake akawa anakunja mkeka, hakutusaidia. Mwishowe akaketi kwenye ukingo wa kiti, akachukua kitabu kwa vidole viwili, akakifungua ukurasa wa pili, ambako maneno mengine yalikuwa yamesalimika. Akaweka kidole chake chenye hina chini ya neno la kwanza.

"Soma wewe."

Nikasoma. Alikuwa akikisogeza kidole polepole, na macho yake hayakuwa kwenye mdomo wangu, yalikuwa kwenye karatasi. Nilipofika kwenye neno moja nililisoma haraka. Kidole kikasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Akalivuta mwenyewe kwa pumzi, midomo ikitembea bila sauti, akaridhika, akaendelea. Tulikwenda hivyo ukurasa baada ya ukurasa, mimi nikitokwa jasho kama mtoto mbele ya ubao. Tulipofika kwenye mashimo nilimwambia kilichokuwepo. Mwishoni kukawa na ukurasa mzima uliochunika, picha ya sahani imebaki, maneno hayapo.

"Hapa?"

"Hapa paliandikwa: Jirani yetu ni Mkristo. Tunampelekea sahani."

Akauinamia ule ute wa kijivu, akautafuta kwa karibu kabisa.

"Umejuaje, na herufi hazipo?"

"Nilizisoma kabla sijazifunika."

Nje mapacha walikuwa wanagombania puto.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

Akafunga kitabu, akanirudishia, akaenda kunawa mikono. Niliona ameisugua sana. Nikabaki na kitabu mapajani, nikiwa na hakika kwamba nimesafiri bure. Halafu akarudi na kitabu kingine, cha shule yake mpya, kisafi, cha ndama aliyepotea. Hakunipa mimi. Akakaa kwenye kiti kilekile, akanigeuzia mgongo kidogo ili nisiione karatasi wala yeye asinione mdomo, akaweka kidole, akaanza kusoma kwa sauti, silabi moja moja, akikosea, akirudia mwenyewe. Mama yake aliacha mkeka nusu umekunjwa.

Palipokuwa na neno gumu alikwama. Nililijua. Nikaufunga mdomo, nikangoja alisome.